Rangi ya Geti

Nevyana aliliona geti kabla hajaiona nyumba. Mara ya mwisho lilikuwa limeliwa na kutu hadi kwenye bawaba. Sasa lilikuwa la kijani, kijani kile kinachong'aa ambacho nusu ya mji wa Gabrovo hukinunua katika Juma Kuu, kwa sababu Pasaka haitakiwi kukuta kitu kimechakaa. Mashina ya miplamu nayo yalikuwa yamepakwa chokaa hadi kiunoni. Aliegesha gari, akapitisha kidole juu ya chuma. Rangi ilikuwa imekauka na kushika vizuri. Mpakaji alianza kwa kukwangua kutu, aliwaza, kisha akaacha kuwaza habari za geti.

Alikuwa amekuja kufunga cherehani kwenye sanduku na kuituma Vienna. Na alikuwa amekuja kumwona Lachezar. Njia nzima kutoka kwake Plovdiv alijiambia kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, lakini hakufanikiwa kujishawishi.

Kazi yake ilikuwa ya watu waliofiwa. Mtu anarithi cherehani ya mama au ya bibi, hajui kama ameachiwa mali au ameachiwa mzigo wa chuma; anamtumia Nevyana picha, Nevyana anakwenda kuikagua, anaitaja bei, kisha anaiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni na kuiuza kwa niaba ya mrithi. Kila kasoro aliiandika: mkwaruzo, skrubu iliyobadilishwa, meno yaliyolika. Ndiyo maana watu wa Turin na Utrecht walinunua kwake vitu ambavyo hawajavigusa. Hakuwa na mtaji mwingine zaidi ya kuaminika.

Lachezar alimwandikia wakati wa baridi, muda mfupi baada ya kumzika bibi yake, Zlatina, aliyeshona nguo za maharusi wa mtaa ule kwa maisha yake yote. Bibi aliacha cherehani tatu. Mbili zilikuwa za kawaida, na Nevyana alizitajia bei ya kawaida. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya Kijerumani, ya kabla ya vita, yenye majani ya dhahabu na mawaridi ya gamba la chaza yaliyopandikizwa ndani ya rangi. Nevyana alipoiona picha aliivuta karibu, akaivuta tena. Shangazi wa Lachezar, Dobrina, binti wa Bibi Zlatina, alikuwa amekataza kitu chochote cha marehemu kutoka nyumbani kabla ya arobaini. Kwa hiyo walisubiri. Na katika kusubiri, yeye na Lachezar walianza kwa kuulizana namba ya cherehani, wakaishia kuulizana umekula nini leo.

Lachezar alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa chini ya nyumba ile ile, na nyumba ilikuwa inavuja upande wote wa kaskazini. Kaka yake aliyeko Stuttgart alikuwa ametoa neno: ama paa litengenezwe kabla ya mvua za vuli, ama nyumba iuzwe, shangazi aende kwa binti yake Varna, na Lachezar amfuate Ujerumani, ambako kiwanda cha samani kilikuwa kinamsubiri. Bei aliyoitaja Nevyana, ambayo mzee mmoja wa Vienna anayekusanya cherehani za kale alikuwa ameikubali, ilitosha paa. Kwa maneno mengine, chuma kile cheusi ndicho kilichokuwa kinamzuia Lachezar asipande basi. Kikiuzwa vizuri, angebaki. Na akibaki, walikuwa wamepanga kufungua duka katika karakana, yeye akitengeneza meza na masanduku ya cherehani, Nevyana akizithamini na kuziuza.

Mpango huo Shangazi Dobrina hakuwa ameubariki. Yeye ndiye aliyemlea Lachezar, na Nevyana alikuwa amemkosea tangu siku ya kwanza. Jirani alikuwa amemhakikishia Shangazi kwamba cherehani za zamani zina madini ya thamani ndani ya mhimili, na kwamba wajanja huzinunua kwa ajili hiyo. Nevyana alimwambia hapana. "Ni chuma, Shangazi. Chuma kizuri, lakini chuma." Shangazi alimtazama kama mtu aliyezimiwa taa. Baadaye alimwambia mpwa wake, kwa sauti iliyopita ukutani bila shida, kwamba huyu binti akiona mtu analia atauliza machozi yana uzito gani.

Leo alimpokea mlangoni akiwa na aproni safi.

"Kristo amefufuka."

"Hakika amefufuka, Shangazi."

Juma la Pasaka lilikuwa halijaisha. Mezani palikuwa na mkate mtamu uliobaki na bakuli la mayai mekundu ya Pasaka, na paka wa nyumba alikuwa amelala kitini, mkia wake ukining'inia. Mkia huo ulikuwa mzima, na Lachezar aliwahi kumwambia Nevyana kwamba majirani walimwona shangazi yake ni mbadhirifu kwa sababu hiyo, kwani Mgabrovo wa kweli humkata paka mkia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke.

Lachezar alitokea ngazini. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nywele na shati alilolipiga pasi mwenyewe, maana mkunjo wa mkono ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula. Nevyana alisubiri macho yao yakutane. Siku zote Lachezar alikuwa akimtazama moja kwa moja, kwa utulivu, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata. Leo alimshika mkono, akaubana kuliko ilivyo desturi, na macho yake akayapeleka dirishani.

Kuna jambo, Nevyana aliwaza.

Shangazi Dobrina aliwatangulia katika chumba cha kushonea. Alifungua mapazia, akasogea kando, akafumbata mikono juu ya aproni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeandaa zawadi.

Cherehani ilikuwa mahali pake, chini ya picha ya Bibi Zlatina. Ilikuwa ya kijani.

Ilikuwa ya kijani yote, shingo, mkono, kitako, hadi kwenye mashimo ya mafuta. Hapakuwa na jani la dhahabu wala waridi. Gurudumu lake lilikuwa limeachwa likimetameta, na hilo liliufanya ukijani uonekane mpya zaidi.

"Imependeza, au siyo?" Shangazi alisema. "Geti lilikwisha, uzio ukaisha, na kopo lilibaki nusu. Nikasema, bwana anatoa fedha zote hizo, apelekewe kitu kichakavu kweli? Watu wa Vienna watatusema."

Nevyana aliizunguka cherehani, akainama, akasimama. Alijua sura yake haionyeshi kitu, na alijua kwamba watu huichukia hali hiyo, lakini hakuwa na sura nyingine.

"Tangu lini?" alimuuliza Lachezar.

"Alhamisi Kuu. Nilikuwa kazini Sevlievo. Nimerudi jioni nikaikuta hivyo."

"Na tumezungumza kila siku tangu hapo."

"Ndiyo."

Nevyana angeweza kustahimili rangi. Lakini jioni zile zote Lachezar alimwelezea mvua, mayai, binti wa jirani aliyevunjika jino, na nyuma ya maneno yake cherehani ilikuwa imesimama hapa, ya kijani.

Ilibidi amweleze shangazi, na alimweleza kama anavyowaeleza wote, pole pole, bila kupamba. Kwamba bei haikuwa ya chuma; ilikuwa ya rangi ile nyeusi ya mwanzo, dhahabu na gamba la chaza. Kwamba dawa yoyote ya kula rangi ya kijani itakula pia kila kilicho chini yake. Kwamba cherehani iliyopakwa upya ni ya kushonea tu, na ya kushonea tu zipo kila nyumba. Fedha zitakazopatikana sasa hazitanunua hata mfereji wa maji ya paa.

Shangazi Dobrina alikaa juu ya kigoda. Kwa kitambo alikuwa mwanamke mzee aliyefanya kosa. Kisha akakumbuka kwamba yuko nyumbani kwake.

"Picha za wakati wa baridi si unazo? Na bwana si amezikubali? Basi tuma sanduku."

"Siwezi, Shangazi."

"Picha ni za cherehani hii hii. Hakuna uongo hapo."

"Ni za cherehani ambayo haipo tena."

"Basi paa halipo. Na huyu kijana hayupo. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Unalijua, na bado unasimama hapo kama karani wa mahakama."

Nevyana alimtazama Lachezar. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mikono mifukoni, kichwa chini. Kama angemwomba atume zile picha, angemkatalia. Hilo alikuwa na uhakika nalo kama anavyojua urefu wa sindano. Hakuwa na uhakika kama angeweza kuendesha gari hadi Plovdiv baada ya kumkatalia. Alitaka aseme. Aliogopa asije akasema. Lachezar hakuinua kichwa, na ilibidi Nevyana atafute kitu cha kufanya, akainama tena juu ya cherehani, kana kwamba chini ya mkono wake kungekuwa na habari nyingine.

Alipoinuka, blauzi yake ilinasa kwenye mpini wa gurudumu. Kifungo cha pili kutoka shingoni kilikatika, kikabiringika sakafuni hadi miguuni pa Lachezar.

Aliikusanya blauzi kwa mkono. Shangazi Dobrina alishatazama juu, kwenye picha ya mama yake, kisha kwenye kifua cha mgeni.

"Hapana. Katika chumba hiki hakuna mwanamke aliyewahi kutoka kifua wazi. Lacho, shona. Mimi sioni tena tundu la sindano."

Nevyana alisema angetumia pini. Shangazi alisema pini ni za watu wa Plovdiv. Lachezar alishaokota kifungo na kukifuta kwenye shati lake. Alikulia chini ya meza ya bibi yake, na alijua kushona kabla ya kujua kupiga msumari. Alichagua uzi mweupe. Shangazi alikata kipande kingine cha uzi huo huo, kirefu kama kiganja, akakileta mdomoni mwa Nevyana.

"Nguo ikishonwa mwilini, mwenye nguo huuma uzi. Asije akashonwa akili. Najua huamini. Wewe hata chumvi huiuliza sababu. Basi uma kwa heshima yangu, na usifungue mdomo mpaka amalize."

Ilikuwa kweli kwamba hakuamini. Aliupokea uzi kwa meno.

Lachezar alisogea. Ilibidi asimame karibu sana, maana blauzi ilikuwa nyepesi na hakutaka kumchoma. Alinukia mbao na sabuni. Aliweka kifungo mahali pake kwa kidole gumba, akapitisha sindano mara ya kwanza kutoka ndani, taratibu, na Nevyana akahisi uzi ukipita kama pumzi juu ya ngozi. Ili asiyumbe, alirudisha mkono nyuma, akaushika mkono wa kijani wa cherehani.

"Sasa huwezi kunijibu," Lachezar alisema, akikitazama kifungo, "kwa hiyo nitasema yote."

Shangazi aligeuka aende jikoni. Lachezar akamwomba abaki, kwa kuwa yalimhusu na yeye, naye akarudi kigodani.

"Jumatatu ya Pasaka nimempelekea bwana wa Vienna picha ya hii cherehani. Ya kijani. Nimemwandikia kwamba imepakwa rangi ya geti nyumbani kwetu, kwamba kosa si la Nevyana, na kwamba kama anataka kujitoa, hatudaiani." Sindano ilirudi ndani. "Shangazi, nisamehe. Sikukuambia kwa sababu ungenizuia. Na wewe sikukuambia," akapunguza sauti, "kwa sababu ungesema basi hakuna haja ya kuja. Nilitaka uje. Nilitaka unione mimi, nikiwa sina paa wala cherehani, ndipo useme."

Shangazi Dobrina alitamka jina lake, lote, Lachezar, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mtoto na amevunja kitu.

Nevyana alisimama wima, uzi kati ya meno. Jambo aliloliogopa, kwamba siku moja mwanamume huyu angemwomba aandike uongo kwa ajili ya mapenzi, lilikuwa limekwisha pita bila yeye kujua. Lachezar alilijibu kabla hajaulizwa, peke yake, mbele ya hasara. Nevyana aliubana mkono wa cherehani kwa nguvu zaidi, na ukucha wa kidole gumba ukaingia chini ya kitu.

Alikisukuma. Kikasogea.

Haikuwa sawa na geti. Geti alilipitishia kidole na rangi haikutikisika. Hii ilijikunja chini ya ukucha, laini, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Bila kugeuka alipitisha kidole pale palipofunuka. Palikuwa na utelezi. Alikisugua kidole kwa kidole, akajua ni nini, kwa sababu utelezi huo aliujua kuliko manukato yoyote. Ulikuwa wa mafuta ya cherehani.

Rangi haishiki juu ya mafuta. Hilo halihitaji imani.

Alikuwa na habari ambayo ingemwinua mwanamke yule kwenye kigoda na kumzuia Lachezar asiende Stuttgart, na ilikuwa katika ncha ya kidole chake, na mdomoni alikuwa na uzi. Angeweza kuutema. Hapana kitu ambacho kingemtokea. Akili yake isingeshonwa na mtu yeyote. Alimtazama Shangazi Dobrina. Shangazi alikuwa akiutazama uzi, si uso wake, kwa wasiwasi wa kweli, jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayepita juu ya ubao mwembamba. Alikuwa amepoteza paa dakika hiyo hiyo, na bado alikuwa anailinda akili ya mgeni asiyempenda.

Nevyana aliuma uzi, akangoja.

"Swali ni moja," Lachezar alisema. Alikuwa amefika mzunguko wa mwisho, akiuzungusha uzi chini ya kifungo ili ukae imara. "Kama nyumba itauzwa, nitatafuta chumba Plovdiv. Stuttgart siendi. Mbao zipo hata kwenu. Nikija, utanifungulia?"

Sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa ya kahawia, mekundu kidogo pembeni kwa kukosa usingizi, na hayakukimbia. Nevyana alitikisa kichwa upande huu na upande huu, taratibu, kama wanavyokubali watu wote wa nchi ile. Sindano ikatikisika pamoja naye.

"Tulia," alisema Lachezar, sauti ikimkatika. "Nitakuchoma."

Alifunga fundo. Mkasi ulikuwa mezani, lakini hakuutafuta. Aliinama akaukata uzi kwa meno, na kwa kitambo paji lake la uso liligusa koo la Nevyana. Walibaki hivyo muda mrefu kuliko uzi unavyohitaji. Shangazi Dobrina alikohoa, si kwa ukali.

Nevyana aliutoa uzi mdomoni.

"Shangazi, marehemu alikuwa anaipangusa cherehani kwa kitu gani?"

Lilikuwa swali la ajabu kwa wakati ule, na shangazi alilijibu kwa uchovu. Kwa mafuta yake, kwa kitu gani tena? Kila Jumamosi, mwili mzima, hata mwaka ule alipougua na kushona hakuwezi. Alisema chuma kisichoguswa hujiona yatima.

"Na alipofariki?"

"Niliendelea mimi. Ningeiacha yatima? Mpaka Jumamosi ya kuamkia Juma Kuu nimeipangusa."

"Kisha Alhamisi ukaipaka rangi. Hukuikwangua kwanza, kama geti?"

Shangazi alikuja juu. "Niikwangue ya mama yangu? Kwa msasa? Mimi si mwendawazimu."

"Basi njoo uone," Nevyana alisema, akasogea pembeni.

Kwenye mkono wa cherehani, pale kidole kilipokuwa, kipande cha kijani kilikuwa kimejikunja. Chini yake palikuwa peusi, na juu ya weusi huo kulikuwa na ncha ya jani moja la dhahabu.

Hakuna aliyepiga kelele. Lachezar aliinama hadi pua ikakaribia kuigusa. Alisema angelijua hilo, seremala mzima, kama angediriki kuweka hata ukucha. "Lakini uliniambia nisiiguse bila wewe."

"Nilikuambia."

"Kwa hiyo sikuigusa."

Jambo hilo Nevyana aliliona ni la mapenzi kuliko yote aliyowahi kuambiwa, ila hakuwa na namna ya kulisema.

Alipanga kazi. Hakuna dawa, hakuna maji, hakuna kisu. Shangazi alipasha mafuta ya alizeti hadi yakawa vuguvugu. Lachezar alishuka karakanani, akarudi na vijiti vya mplamu alivyovichonga bapa, laini kama ulimi. Walipaka mafuta, wakasubiri yapenye pembeni, wakasukuma. Rangi ilitoka kwa vipande vipana. Shangazi Dobrina aliwatazama kwa muda, kisha akanawa mikono, akasema wanaimenya kama wanaume wanavyomenya yai, na kuchukua kijiti. Alikuwa sahihi. Vidole vyake vilijua mahali pa kuanzia. Alifika kwenye waridi la kwanza kabla yao, na lilipotoka chini ya kijani, jeupe lenye wekundu na ubuluu ndani yake, aliweka kijiti chini, akajifuta macho kwa kisigino cha mkono kwa kuwa vidole vilikuwa na mafuta.

"Usiniulize yana uzito gani," alimwambia Nevyana.

"Sikuwa na nia."

"Ulikuwa nayo wakati wa baridi. Madini yangu uliyaua kwa neno moja."

"Nisamehe kwa namna nilivyosema," Nevyana alisema. "Lakini ni chuma."

Shangazi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Nevyana amfahamu, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe.

Mchana ulipita hivyo. Si kila kitu kilirudi. Karibu na gurudumu, ambako mkono wa mshonaji huegemea na mafuta hayakai, rangi ilikuwa imeshika, na jani moja lilitoka nayo. Nevyana alilipiga picha kwa karibu zaidi kuliko yote. Aliandika kwamba jani limepotea, akaandika sababu, akaandika kwamba mashimo ya mafuta bado yana kijani ndani na yatasafishwa. Kisha akatuma, na wote watatu wakakaa mezani wakigonganisha mayai mekundu, kama ilivyo desturi ya Pasaka, kuona la nani halitavunjika, kila mmoja akijifanya hasikilizi simu. Yai la Shangazi Dobrina liliyavunja yote.

Jibu lilikuja wakati kahawa ingali moto. Mzee wa Vienna aliandika kwamba picha ya Lachezar ilimsikitisha tangu Jumatatu, na kwamba alikuwa hajajibu kwa sababu hakujua mtu hujibu nini kwa habari kama hiyo. Angechukua cherehani. Kwa ajili ya jani aliomba apunguziwe kidogo, na kiasi alichokitaja kilikuwa cha haki; paa lilibaki salama. Mwishoni aliuliza, kama si utovu wa adabu, ni nani aliyeipaka.

"Mwambie ni mimi," shangazi alisema. "Na mwambie ilikuwa rangi nzuri. Amuulize mwenye geti."

Lachezar alimpigia kaka yake simu akiwa amesimama uani. Kupitia dirishani Nevyana alimwona akitembea kutoka mplamu hadi mplamu, akizungumza kidogo, akisikiliza, kisha akitikisa kichwa upande na upande, kana kwamba Stuttgart ingemwona. Alipomaliza aliweka simu mfukoni na kusimama tu, mikono kichwani, uso juu, akilitazama paa bovu kama mtu anavyoitazama meli iliyorudi bandarini.

Nevyana alivuta pumzi. Alitambua kwamba alikuwa anaivuta kwa kina kwa mara ya kwanza tangu alipoingia mlangoni. Aligusa kifungo. Kilikuwa kimeshonwa kwa shina, kama vya koti, imara kuliko blauzi yenyewe.

Nyuma yake kitu kilitua mezani. Shangazi Dobrina alikuwa ameleta kopo la rangi, na juu yake brashi iliyosafishwa ikanyooshwa nywele. Alilifungua kwa ncha ya kijiko. Lilikuwa na kijani bado, robo hivi.

"Haiwezi kukaa," alisema. "Itaganda, na kuitupa ni dhambi. Nilikuwa nafikiria mlango wa chini. Wa karakana." Aliikoroga rangi, mara moja, mara mbili, bila kumtazama mtu. "Ukifungua duka na huyu, wateja watapitia pale. Wasiseme binti yetu anauzia watu kwenye mlango uliochubuka."

Nevyana aliutazama mlango wa chini kupitia dirishani. Ulikuwa wa mwaloni, mkavu, na kwa namna alivyoona haukuwahi kupakwa mafuta hata siku moja.

"Utahitaji msasa kwanza, Shangazi," alisema. "Ili ishike."

"Msasa upo," alisema Shangazi Dobrina, akamkabidhi brashi.